Bazee balipanda mulima na kravati, lakini pasi ilikuwa mu mikono ya nani?

Siku ya posho asubui mapema, kwenye saa kumi na moja na nusu, pale ku barabara ya Himbi, hapa Goma, batu ya futingi banaanza kupita, vijana na trainingi za rangi ya kuumiza macho, mayo za Barça na Real zenye hazijawahi ona Hispania hata siku moja, basketi za soli nene kama mukate, muziki inalia mu telefone. Na katikati yao kuko muzee moja. Yeye hakimbie, anatembea, lakini anatembea kweli kweli, hatua ndefu, mikono inasukuma upepo, amevaa pantalo ya kostimi na mustari ya pasi yenye unaweza kukatia nyanya, shemizi nyeupe imeingia ndani ya mukaba, triko ya manyoya bila mikono, kofia, na bilatu ya ngozi yenye amepaka siraji mupaka inang'aa mu ile giza. Vijana banamucheka. Siku moja mumoja wao alimupigia kelele: "Muzee, kanisa iko nyuma!" Muzee hakugeuka hata. Alijibu tu: "Na wewe mwanangu, kitanda iko wapi? Juu minaona ulitoka na pijama."

Nilicheka peke yangu mupaka nyumbani. Lakini ile jibu ilinikaa mu kichwa wiki muzima, juu siku hizi mu WhatsApp kunazunguka sana zile picha za zamani, bazungu ba miaka ya 20 na 30 banapanda milima na kravati, banacheza tenisi na pantalo ndefu nyeupe, banawinda na vesti nzito na soksi mupaka ku magoti, na bazee betu pia, bamesimama kando ya kinga na kostimi safi kama bako banaenda ku ndoa, na kila mutu mwenye anatuma ile picha anaongeza kilio yake: oh bazee balikuwa na heshima, sisi tumeharibika, leo mutu anaenda ku musiba na trainingi. Mi naona ile kilio nusu yake ni kweli na nusu ni sukari. Na ile nusu ya sukari njo inanisumbua.

Tuanze na ile ya kweli. Zile nguo hazikuwa za kuigiza mbele ya kamera. Leo ukisikia mutu alipanda Everest na koti ya kitambaa na bilatu ya misumari unasema huyu alikuwa kichaa. George Mallory na Andrew Irvine, Bangereza babili, balipotelea kule juu tarehe 8 mwezi wa 6 mwaka 1924, na maiti ya Mallory ilionekana paka mwaka 1999, ku urefu ya karibu metre 8.155, na bipande ya nguo yake bado iko ku mwili: hariri, pamba, manyoya ya kondoo, moja juu ya ingine, na juu ya zote koti ya gabardini. Mwaka 2006 Muingereza moja, Graham Hoyland, alishonesha nguo ya namna ile ile, akaenda kuijaribu kule kule ku Everest, na akakuta ni nyepesi, inapumua, inaacha mukono kupanda bila kuivuta. Shida yake ilikuwa moja tu, kusimama. Ukiwa unatembea unapata joto, lakini ukikwama inje usiku, ile nguo haitakuokoa. Halafu mwaka 2024, kisha miaka 100, balikuta mu barafu muguu ya Irvine, iko mu bote na soksi, na ku soksi kuko kitambaa kidogo kimeshonwa na jina: A.C. IRVINE. Mi nilipoona ile picha sikuwaza mulima. Niliwaza sindano.

Gabardini yenyewe, Thomas Burberry njo aliibuni kule Uingereza mwaka 1879. Mbele yake, kama hautaki mvua ilibidi uvae koti yenye bamepaka mupira, na ndani yake unajichemsha kama muhogo mu sufuria. Yeye alitia uzi dawa ya kuzuia mayi mbele ya kuufuma, halafu akafuma karibu karibu sana, mayi inateleza inje na joto ya mwili inapata njia ya kutoka. Na manyoya ya kondoo, ile inaweza kunywa mayi karibu tatu kwa kumi ya uzito yake na bado hausikii kama umeloa, tena haishike moto haraka. Ile kitambaa ya Scotland banaita tweed, yenye sisi tunaona mu chaguwa, zile nguo za mutumba, na tunasema ni rangi ya bazee, ya kahawia na kijani na manjano yenye kuchafuka, haikuwa urembo. Benye mashamba makubwa ya kuwindia kule balikuwa banachagua rangi kufatana na mulima yao, majani yake, mawe yake, ili swala asione mutu. Yaani ile vesti ya heshima ilikuwa nguo ya kujificha, kama ile ya basoda leo.

Pantalo ya kufungiwa chini ya goti pia ina sababu yake. Bangereza banaiita plus fours, juu banaongeza kitambaa inchi 4 kupita goti halafu inafungwa, inaning'inia kidogo kama puto. Goti inakunjika vizuri, na chini hakuna kitambaa ya kuburuza mu matope na mu umande. Mwana wa mufalme wa Uingereza, Edward, alienda nayo Marekani mwaka 1924 na kule ikawa homa. Na ile nyeupe ya tenisi ya Wimbledon, mashindano yenye ilianza 1877, nyeupe haionyeshe jasho sana, basi. Mutu anatoka jasho kama punda lakini ku macho ya batu bado ni muheshimiwa. René Lacoste, Mufaransa, njo alichoka na ile shemizi ya mikono mirefu, mwaka 1926 akacheza na ya mikono mifupi ya pamba laini, na 1933 akaanza kuiuza na mamba yake ku kifua. Hapa Goma sasa lakosti ni jina ya kila shati ya kola, hata ile yenye mamba yake inatazama upande mubaya, na batoto mingi habajui kama Lacoste alikuwa mutu mbele ya kuwa shati.

Sasa, mi nilijua haya yote kwa kusoma, lakini kusoma si kuelewa. Kuelewa nilielewea Birere, ku meza ya fundi.

Nilikuwa nimenunua vesti moja ku soko Virunga. Mama wa chaguwa alikuwa ametoka kufungua balo ya nguo za baridi, batu bamejaa juu yake kama nzige, na hii vesti ilibaki chini kabisa, hakuna mwenye aliitaka, nzito, harufu ya depo, mukono moja panya ao mende ilishaonja. Aliniomba dola 8. Nikamwambia mama, hii hata babu ya babu yangu angeikataa. Tukaachana ku 5. Nikaipeleka kwa fundi anipunguzie mabega. Fundi yangu ni mutu ya kimya, mashini yake ni Singer ya kukanyaga yenye imemupita umri, na kitu ya kwanza alifanya, hakuangalia inje. Aligeuza vesti ndani-inje, akaanza kusoma mishono na kidole kama mutu anasoma barua. Kisha akaigeuza tena, akatia mukono ku mugongo, nyuma ya bega, fasi kuko mukunjo murefu unashuka mupaka ku mukaba ya nyuma. Akasema: "Ona. Hii ni mulango."

Akanivalisha. Akaniambia inua mikono kama unabeba jerikani ku kichwa. Nikainua, na nikasikia nyuma mikunjo miwili inafunguka, moja huku moja kule, kama akordeoni, na vesti yenyewe ku tumbo haikupanda hata kidole. Nikashusha mikono, mikunjo ikajifunga, mugongo ikawa sawa, laini, hakuna mwenye angejua. Halafu akanionyesha kwapa. Mi nilikuwa nafikiri nguo ya kazi inahitaji kwapa kubwa, wazi, mukono ipite. Fundi akatikisa kichwa. Kwapa ikiwa kubwa, ukiinua mukono unainua koti muzima. Kwapa ikiwa juu, karibu na mwili, mukono inaenda peke yake na koti inabaki. "Mwenye alikata hii," akasema, "alijua kama mwenye kuvaa atainua bunduki." Hakuambiwa na mutu. Alisoma mu kitambaa.

Hapo njo nilipata kitu yangu ya kusema. Ile uzuri yenye tunalilia mu picha haikuwa tabia nzuri ya bazee, ilikuwa mukato. Mutu fulani alipima mwili ya mutu fulani, akajiuliza huyu atafanya nini na mikono, na goti, na mugongo, halafu akaficha jibu yake ndani ya mikunjo ili inje ionekane nguo tu. Kwa leo hakuna mwenye anauliza ile swali, juu mwaka 1958 kule Marekani, mu kampuni ya DuPont, balitoa ile uzi ya kuvutika, elastani, na toka siku ile kitambaa inajinyoosha yenyewe. Unataka kuinua mukono? Inua, itavutika. Mufupi, munene, wa bega moja juu, bote banavaa ile moja. Fundi hakufukuzwa mu nguo ya michezo na mutindo. Alifukuzwa na elastiki.

Na sisemi elastiki ni shetani. Trainingi inakauka saa moja ku kamba, mutoto wa shule anaweza kuipata na pesa kidogo, na manyoya ikishaloa kabisa, ile mvua yetu ya mwezi wa ine, unabeba kondoo muzima ku mabega. Lakini nilishalipa bei yake siku nilipanda Nyiragongo, ile volkano yetu, wakati bado balikuwa banapeleka bageni. Munaanzia Kibati, munapanda saa tano ao sita, mupaka metre 3.470, na usiku juu kule baridi inaingia mu mifupa bila kupiga hodi. Nilikuwa na jaketi mupya, ya kupendeza, ya kampuni ya kule ng'ambo, nimeilipa pesa yenye sitasema hapa juu bibi yangu anasoma. Tulikaa karibu na moto ya makala. Cheche moja tu iliruka. Ile jaketi haikuwaka, iliyeyuka, mukono ikakunjika ikanata kama ubani, na harufu ile ya plastiki nikalala nayo mupaka asubui. Kando yangu kijana mwenye alinibebea mufuko alikuwa na koti ya manyoya ya chaguwa, mukubwa kuliko yeye, na bote za mupira, cheche zilimurukia tatu ine, akazipangusa na mukono kama mavumbi, akaendelea kula muhindi.

Sasa tuingie ku ile nusu ya sukari.

Babu yangu alibeba mizigo ku mulima ile ile, mu miaka ya 50, wakati bazungu balianza kupanda mingi juu Haroun Tazieff alikuwa ameona ile ziwa ya moto mwaka 1948 na dunia ikataka kuiona pia. Parke ya Virunga ilikuwa bado inaitwa Albert, jina ya mufalme wa Babelgiji mwenye yeye mwenyewe alipenda kupanda majabali mupaka ikamuua, alianguka kule Marche-les-Dames mwezi wa 2 mwaka 1934. Kuko picha moja mu familia. Mbele bamesimama bazungu bane, vesti, kravati mumoja, soksi ndefu, fimbo za kutembelea, wazuri kabisa, siwezi danganya. Nyuma bamesimama betu sita. Kaputula za kaki, blanketi imefungwa ku shingo, na chini, angalia vizuri, pekupeku. Ku mawe ya Nyiragongo! Mwenye alishaanguka juu ya ile mawe anajua, inakata kama chupa ya bia imevunjika. Na mizigo yenyewe, mule mulikuwa nini? Babu alikuwa anasema mulikuwa sanduku ya bilauri. Bilauri za kioo, za kunywea divai juu kule. Na pasi.

Sijui kama ile pasi ilikuwa kweli ao ni babu alikuwa anaongeza chumvi, alikuwa fundi ya chumvi. Lakini hata kama haikupanda mulima, pasi ilikuwa chini kule ku nyumba, pasi ya makala, na mwenye alikuwa anaivuta si mwenye nguo. Munaishi Goma, munajua vumbi yetu, ile nyeusi ya volkano yenye inaingia mupaka mu sukari. Mutu anacheza tenisi na nyeupe mu ile vumbi, kila siku, na kila siku iko safi, njo kusema kuko boyi mwenye anaamuka saa kumi usiku kufua, kuanika, kuomba jua itoke, na kupasha makala. Uzuri ya ile picha ilikuwa mu mikono ya batu benye hawakuitwa kupigwa picha. Kule Everest pia ilikuwa vile vile, mwaka 1922 babeba mizigo saba balikufa siku moja, teluji ilibaporomokea, na hakuna mutu ananitumia mu WhatsApp picha ya nguo bale balikuwa bamevaa akisema oh, heshima.

Na kwa betu benye balivaa, kuvaa haikuwa bure. Mwaka 1948 Babelgiji balileta ile karte ya mérite civique, na 1952 ikafata immatriculation, ya kuonyesha kama Mweusi fulani "ameendelea". Balikuwa banakuja mupaka ku nyumba, banaangalia unakula na nini, bibi yako anakaa fasi gani, kitanda ina shuka ao haina, na umevaa nini. Kwa hiyo ukiona muzee kando ya kinga na kostimi siku ya yenga, usiseme tu alipenda kupendeza. Pengine alipenda, lakini ile kostimi ilikuwa pia karatasi, yenye anabeba ku mwili. Halafu Mobutu akaleta otantisite, ile siasa ya kurudilia bya kwetu, mu miaka ya 70, kravati ikawa kosa, batu balivaa abakosti, na jina yake yenyewe inasema "kostimi chini". Mupaka 1990 njo balifungua. Babu yangu basi, mutu moja, shingo moja, alivaa kravati kwa kuonyesha amestaarabika, akaivua kwa kuonyesha ni Muzairwa, akaivaa tena kwa kuonyesha ni huru, na alisema mara zote tatu ilimukaba sawa sawa.

Tena, ile neno "ya jadi" inanichekesha kidogo. Kikwembe ya mama zetu, ile wax ya kwanza ya bei kali, kampuni ya Vlisco iko Uholanzi, Helmond, toka 1846, na mwanzo balikuwa banaiga batiki ya Indonesia. Sasa ni yetu, hakuna mwenye atatunyanganya, lakini ilifika na meli. Ukitaka ya jadi kabisa, mwaka 1907 Adolf Friedrich wa Mecklenburg, Mujerumani, alipita hapa upande ya Rwanda, na kuko picha yenye ilijulikana sana, yeye na mwenzake bamesimama chini ya fimbo ya kurukia, kofia ku kichwa, bamefunikwa na nguo mupaka ku shingo, na juu yao, mu hewa, kijana anawaruka, na kitambaa tu ku kiuno, miguu imekunjwa kama ya panzi. Mi kila nikiona ile picha najiuliza kati ya batatu nani alikuwa amevaa vizuri kwa mchezo. Najua jibu yangu.

Bamama ba kule Ulaya njo baliteseka kuliko bote. Jipo mupaka chini, koseti imefunga mbavu, halafu panda barafu. Lizzie Le Blond, mwanamuke wa kutoka Ireland mwenye alipanda milima mingi ya Uswisi, alikuwa anavaa pantalo ndani na jipo juu, akishapita kijiji ya mwisho anavua jipo, na siku moja ile jipo ilibaki juu ku mulima na ikabidi kuirudilia, juu kuingia kijijini na pantalo ilikuwa haya kuliko kuanguka mu shimo. Annie Peck, Mumarekani, mwaka 1895 alipanda Matterhorn na pantalo na magazeti yalizungumza pantalo kuliko mulima. Ku tenisi, Suzanne Lenglen alitokea Wimbledon 1919 bila koseti, robo fupi kidogo, mikono inje, batu balishtuka, na akashinda.

Lakini angalia sasa kule Bolivia. Kuko bamama ba Kiaymara, banaitwa cholitas, mwaka 2015 balianza kupanda Huayna Potosí, na mwezi wa 1 mwaka 2019 balifika juu ya Aconcagua ya Argentina, metre 6.961, na jipo zao za jadi, zile za tabaka tabaka za rangi kali, bilatu ya barafu chini. Mbele ya pale bengi kati yao balikuwa bapishi na babeba mizigo ba bapandaji. Hii njo hadithi mi napenda, juu hapa mwenye nguo na mwenye muzigo ni mutu moja.

Na kwetu? Mama wa Goma na kikwembe, ukimwangalia vizuri, huyu amevaa nguo ya michezo kuliko bale ba Himbi. Ile ile kitambaa inamushika mutoto ku mugongo, inakunjwa inakuwa kata ku kichwa, mvua ikianguka inakuwa koti, usiku inakuwa shuka. Anapanda kutoka Kituku na beseni ya samaki, hatua fupi juu kikwembe haipanuke sana, kiuno inabeba kazi yote, shingo iko sawa kama mulingoti. Tarehe 8 mwezi wa 3 nilishaona bamama banacheza mupira na bikwembe bamefunga juu ya magoti, na golikipa alikuwa anadaka mupira na nguo kama nyavu. Hakuna mwenye alisema balivaa kama bazee. Balivaa kama kila siku.

Njo hapo narudi kwa yule muzee wa Himbi. Siku ingine nilimufikia, nikatembea naye kidogo, nilikuwa natoka jasho kuliko yeye na mi njo kijana. Nikamuuliza: muzee, shikamoo, kwa nini kuvaa vile kwa kutembea tu? Aliniangalia kama nimeuliza kwa nini anapumua. "Na kama nikikutana na mutu?" Nilitaka kucheka halafu nikanyamaza. Kwake hakuna saa ya michezo na saa ya batu. Barabara ni barabara, kuko batu, kuko majirani, kuko pengine balozi wa avenue mwenye unahitaji kumuomba karatasi. Trainingi inasema: musiniangalie, niko mu mambo yangu. Pantalo yake inasema: habari ya asubui.

Na pasi, muzee? "Mimi mwenyewe. Bibi alikufa, batoto banakuwa Kampala. Saa kumi na moja kasoro napiga pasi." Basi hapo akanimaliza, juu huyu alikuwa ameshapita ile shida yangu yote ya nani anapiga pasi kwa nani, bila makala, bila falsafa.

Vesti ya babu yangu iko Bukavu. Muzungu moja alimupa kisha safari badala ya matabishi, babu alikasirika siku ile, alitaka pesa, lakini aliivaa miaka makumi, ku misa, ku shamba, viwiko vikatoboka akatia ngozi ya mufuko wa shule, vifungo kila moja na rangi yake. Tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2002, lava inashuka mu muji, batu banakimbia na televisheni ku kichwa, yeye aliacha redio yake yenye alipenda kuliko sisi, akavaa ile vesti, akapita barriere ya Rwanda, akalala Gisenyi inje mu vumbi na majivu. Alisema hakusikia baridi. Mujomba yangu njo anaitunza sasa na hakubali mutu aijaribu, hata mi, hata kwa picha, anasema nitaivuta mabega.

Kwa hiyo nina hii yangu ya dola 5. Na ni bahati iko hapa, juu jirani zetu ba upande ingine, ba Rwanda, balipandisha kodi ya chaguwa mwaka 2016, kutoka dola 0,20 ku kilo mupaka 2,50, Marekani ikakasirika, ikabaondolea ruhusa ya kuuza nguo kule bila kodi mwaka 2018, na sisi hapa tukabaki tunaangalia batu banapita Petite Barrière banene kuliko walivyokuja, nguo tano ku mwili moja. Fundi amesema mabega atashusha bila kugusa mikunjo ya mugongo, ile mulango hataifunga. Fasi mende ilikula, atachukua kitambaa kutoka ndani ya pindo ya chini, rangi ileile, atafuma na sindano uzi kwa uzi, haitaonekana, ila nikimulipa ya kazi hiyo mbali. Dola 6. Nikamwambia fundi, matengenezo inapita nguo! Hakuinua kichwa. Akatia chaki ku bega, akasema nirudi siku ya ine.

Hakusema siku ya ine ya wiki gani.